Ng'ombe Aliyekutangulia Kamuli

Kemi, mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Igurwa kumuaga shangazi yako, na shangazi yako namjua, hatakuachia mpaka akulishe mara mbili na kukulilia mara tatu. Baba yako yuko bondeni anakata majani. Nyumba imenyamaza, kwa hiyo nimekaa hapa barazani nikuandikie yale ambayo jana ulinikatiza nisiyaseme.

Usitafute humu habari za blanketi wala dawa ya tumbo wala namna ya mtu anayeishi peke yake kujiwekea akiba ya kuni. Hayo umeyasikia tangu barua yako ya kazi ilipotoka, na ninyi watoto wa siku hizi mkiambiwa jambo mara mbili mnasema mama anazeeka. Nakuandikia habari ya yule ng'ombe. Na habari yangu mimi, kwa sababu jana ulizichukua hizo habari mbili ukazifunga pamoja ukanichapa nazo.

Jumatatu ng'ombe alipofika wewe ulikuwa Kayanga kwa fundi, unashonewa sketi za ofisini. Mimi nilikuwa kibanjani natandaza nyasi kwenye migomba. Nikasikia mluzi, nikainua kichwa, nikamwona mchungaji mmoja mwenye fimbo begani na koti la mvua, anamvuta mtamba wa rangi ya kahawia, pembe zimepinda vizuri, macho makubwa, mrembo kweli. Siwezi kumsingizia ng'ombe.

"Shikamoo mama. Hapa ndipo kwa mtendaji wetu mpya?"

"Marahaba. Hapa ni kwa Ta Erasto, baba yake. Huyo mtendaji bado hajawa wa mtu."

"Mimi nimetumwa na Ta Bitegeko wa Kamuli. Amemgabia binti mtamba huyu. Ametuma salamu tu."

"Salamu zina miguu minne?"

Hakucheka. Na kabla sijaongeza neno, baba yako alikuwa ameshatoka ndani bila viatu, shati halijafungwa vifungo, akaipokea ile kamba. Kwa mikono miwili, Kemi. Akashukuru kwa maneno yale ya kizamani ambayo hata mimi sikujua anayakumbuka, akampapasa ng'ombe mgongoni, akamwita yule mchungaji ndani anywe chai. Mimi nikabaki nimesimama na nyasi mkononi.

Wewe umesoma utawala mpaka ukapewa cheti, lakini mambo ya kamba sidhani waliwafundisha. Sisi watu wa migomba ukiniletea mkungu nakula, nasema asante, siku nyingine nakuletea maharage, yameisha. Wafugaji hawako hivyo. Mtu akikugabia, yaani akikupa ng'ombe kama ndugu, na ukaipokea kamba yake, mmeshafungana. Ng'ombe akizaa unamkumbuka aliyekupa. Yeye akiwa na shida humuulizi ana shida gani, unasimama upande wake kwanza, maswali baadaye. Na kumrudisha ng'ombe wa namna hiyo ni kumwambia mwenzio mbele ya watu kwamba undugu wake unanuka. Ndiyo maana wao wenyewe hawamgabii mtu wasiyemjua.

Sasa niambie. Ta Bitegeko anakujulia wapi? Hajakuona hata picha. Nani alimtajia jina lako, na kwamba kwenu ni Kihanga, na nyumba ipi, na kwa nini ng'ombe afike siku ambayo hupo na mama yako yuko shambani? Maswali hayo nilimuuliza baba yako, yule mchungaji alipoondoka. Akaniambia, "Mungu akimpa mtu, mke wangu anadai risiti." Akaenda zake kutafuta miti ya kujengea banda.

Usimlaumu baba yako. Wewe hukuiona nyumba ya babu yako ilipokuwa na ng'ombe. Walipokufa kwa ugonjwa, migomba nayo ilianza kufa polepole, maana mgomba bila samadi ni jani tu. Tangu nimeolewa hapa naona mikungu inapungua unene mwaka hadi mwaka, na baba yako anaikagua kila asubuhi kama daktari asiye na dawa. Na nikuambie jambo ambalo baba yako halijui. Usiku ule wa Jumatatu nililala nikipanga. Samadi ya kwanza tungeipeleka pale nyuma ya jiko, kisha kwenye ile mibuni ya chini. Nikaona mikungu. Nikamwona ndama. Nilipogundua ninachofanya nikaogopa, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba mimi, mwanamke ambaye mwinjilisti akisifia ndizi zake anauliza anataka mkungu upi, mimi nilikuwa nimeshanunuliwa na sikuwa hata mimi niliyepewa kazi.

Basi jana jioni ulirudi kutoka Kayanga, nikakwambia huyu ng'ombe asilale hapa wiki nzima. Ukaniambia, "Mama, huko ndiko ninakokwenda kuishi. Nikianza kwa kuwakataa wazee wa watu nitafanya kazi na nani?" Neno la maana hilo, sikulidharau. Nikakwambia zawadi inayomtangulia mtu kazini si zawadi. Ukacheka, ukasema mimi nashuku hata uji niliopika mwenyewe. Baba yako naye akacheka. Nikang'ang'ania. Ndipo ukaacha kucheka ukasema, "Au unataka kumfanyia Ta Bitegeko ulichomfanyia Ma Yunia?"

Mawe! Mama yangu wee. Ulidhani umenishinda, na ni kweli ulinishinda. Niliosha vyombo, nikaingia kulala, sikulala.

Umelitaja jina la Yunia, sasa lisikilize vizuri, maana wakati ule ulikuwa mtoto wa shule na ulichojua ni kile kilichosemwa kisimani.

Babu yako alipofariki, majirani walileta chakula kama desturi. Yunia alileta kibuyu cha mramba, ule mtamu wa ndizi mbivu ambao haujachachuka, kwa sababu alijua baba yako haweki pombe mdomoni. Kabla ya hapo mimi na Yunia tulikuwa tumegombana kuhusu mpaka, na baada ya ugomvi niliumwa tumbo karibu nife. Daktari alisema taifodi. Mimi kichwani nilisema Yunia. Sikuwa na ushahidi hata wa punje. Nilikuwa na yale macho yake tu, na maneno ya watu kwamba mume wake alikufa ghafla.

Unajua mila yetu ya kuonja. Mtu akikukaribisha kinywaji kwake, anatangulia yeye kunywa kidogo, wewe ndipo unapopokea, na hakuna anayesema neno. Inafanyika kimya ili mgeni asihitaji kuuliza. Lakini mtu aliyekuletea kinywaji msibani kwako, umeshiriki naye Meza ya Bwana Jumapili iliyopita, huyo humwambii aonje. Ukimwambia umesema neno moja tu, nalo ni sumu.

Mimi nilimwambia. Wanawake wamejaa kwenye mkeka, maiti iko ndani. Nikasema, "Onja kwanza."

Yunia alinitazama. Akainamisha kibuyu, akanywa, sio tone, akanywa mafunda ya kusikika. Akafuta mdomo na kanga. Akasema, "Nimeonja, Mama Kemi. Haya, na wewe?"

Nikasema sina kiu.

Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo, mwanangu, watu hawaujui. Kumwambia aonje ilikuwa hasira. Lakini aliponywa na akasimama pale mzima, nilikuwa na nafasi ya kulipokea kosa langu na kulinywa, na nikakataa kwa sababu wanawake wote walikuwa wananitazama. Shuku yangu ilishakuwa na mashahidi, nikaona aibu kuiacha peke yake.

Hakuna aliyegusa kile kibuyu. Na kuanzia siku hiyo hakuna aliyegusa chochote cha Yunia. Sikumkataza mtu. Sikuwa na haja. Akipeleka ndizi kwenye mavuno ya kanisa, zinanadiwa mwisho na mnunuzi hapatikani. Akipika kwenye zamu yake ya wageni wa usharika, wageni wameshiba ghafla. Na kisha binti yake akaposwa, ikafika siku ya kumuaga, nikakutuma wewe upeleke kitenge kwa sababu mimi nilijifanya mgonjwa. Ulikuwa darasa la tano. Ulirudi umebeba sahani iliyofunikwa, ukaniambia, "Mama, kwa Ma Yunia kuna chakula kingi na hakuna watu."

Sijawahi kusikia hukumu fupi kama ile.

Nikaenda kwa mchungaji wa kanisa. Nikasimama mbele ya usharika nikatubu, nikalia, tena nililia vizuri, watu wakasema amina, mama mmoja akanikumbatia. Nikatoka pale mwepesi. Nikafika kwenye kona ya barabara nikamwona Yunia anapita kando, peke yake, na wale wale waliosema amina wanampisha njia kama walivyompisha wiki zote. Waitu, jamani! Ndipo nilipoelewa kwamba kanisa zima linaweza kunisamehe mimi na lisimrudishie yeye hata kijiko. Mungu nilikuwa nimemwomba anisafishe mimi. Sikumwuliza Yunia anadai nini.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa anamenya ndizi. Sikuwa nimekaa nikaanza kulia, akaniambia, "Acha hayo machozi, yatanichafulia ndizi. Unataka kutengeneza?"

"Ndiyo."

"Basi Jumapili ukitoka kanisani njoo ule. Sio ndani. Utakula hapa nje, njiani, watu wakipita wakuone. Na mimi sitaonja."

Nilikula. Tonge la kwanza liligoma kushuka. Ndiyo, Kemi, hata baada ya toba na machozi na amina, koo langu lilikuwa bado linamshuku. Yunia aliona, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Meza, mama, ukifa tutakuzika." Nikameza. Nikarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Watu walipita wakidhani ni igizo. Mvua za masika zikaja zikaisha. Siku moja baba yako akaja akaketi akala na mimi bila kuambiwa, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kaburini, hata akipokea kamba za watu ovyo. Baadaye akaja mama mmoja wa kwaya. Baadaye wengine.

Yunia hakuwa rafiki yangu kwa sababu ya hayo. Ananiita Mama Onja mpaka leo, mbele ya wageni. Ni haki yake.

Kwa hiyo uliposema jana kwamba nataka kumfanyia Ta Bitegeko kile kile, nilijiuliza usiku kucha kama ni kweli. Unaweza kujifunza somo likageuka kuwa upumbavu mwingine. Ningeweza kusema: mimi niliwahi kushuku vibaya, basi sasa niamini kila mtu, niwe mwema. Lakini nimezungusha jambo hili kila upande na naona sivyo. Shuku yangu kwa Yunia, aliyeilipia ni nani? Yunia. Mjane, hana ndugu karibu, hana wa kumsemea. Mimi sikulipa kitu mpaka nilipokwenda kulipa mwenyewe. Sasa imani yako kwa Ta Bitegeko, ikiwa si ya kweli, atakayeilipia ni nani? Wewe? Wewe utakuwa unakunywa maziwa. Baba yako? Atakuwa na samadi. Kuna mtu mwingine mahali fulani, na kitu kilichonisumbua tangu Jumatatu ni kwamba nilikuwa simjui jina.

Lakini nilikumbuka pia kwamba Yunia nilimhukumu bila kumuuliza. Kwa hiyo leo asubuhi, ulipoondoka tu, nilichukua simu ya baba yako nikampigia Ta Bitegeko. Namba yule mchungaji aliiacha, bila shaka ili tupige kushukuru.

"Shikamoo, Ta Bitegeko. Mimi ni mama wa mtendaji."

"Marahaba, marahaba mama! Habari za Kihanga?"

"Kihanga ni wazima. Ng'ombe amefika, ni mzuri, anakula. Nauliza tu, mzee wangu, amekuja na neno gani?"

"Hana neno, mama. Ni upendo."

"Upendo kwa mtu usiyemjua?"

Akacheka, kicheko cha taratibu cha mtu mzima, sikusikia ubaya ndani yake. "Mtoto anakuja kukaa kwetu. Tunataka aanze na maziwa. Hata aliyepita tulimlea hivyo hivyo."

"Na huyo aliyepita, ng'ombe zako walipoingia shambani kwa mtu, aliwahi kukutoza faini?"

"Mama, sisi huku tunaelewana. Hatuna mambo ya kutozana."

"Nikimrudisha, upendo utabaki?"

"Ng'ombe wa kugabiwa harudi, mama. Wewe ni mtu mzima, unajua."

Nikasema najua. Tukaagana vizuri, akanibariki, nikambariki. Nilikaa na simu mkononi nikitafuta neno moja la kumshika nalo, sikulipata. Inawezekana ni mzee mwema anayejua njia moja tu ya kumkaribisha mtu. Inawezekana ni mjanja kuliko mimi na wewe na baba yako tukijumlishwa. Moyo wake siujui, na safari hii sitajifanya naujua. Nikasema basi, nimwachie Kemi, ni mtu mzima, na mimi nina historia mbaya.

Ndivyo nilivyokuwa nimeamua mpaka Yunia alipoingia.

Unajua anapita Kamuli siku za gulio kununua maharage. Alirudi jana jioni. Leo akaingia hapa bila hodi, "Mama Onja, upo?" akakaa kwenye ngazi akamwangalia ng'ombe kwa muda mrefu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Nilitaka kumwona kwa macho, maana huko Kamuli nimemsikia."

Kemi, sikiliza haya kama nilivyoyasikia. Kijijini unakokwenda kuna mama mmoja anaitwa Felista, mjane, ndiye anayemuuzia Yunia maharage. Ng'ombe wa Ta Bitegeko waliingia kibanjani mwake, wakala maharage, wakavunja migomba michanga karibu yote ya upande wa barabarani. Akaenda kwa mtendaji wa wakati ule, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Mtendaji akahamishwa. Watu wakamwambia safisha shamba upande mwingine, mama, utakufa njaa. Akakataa. Aliiacha migomba ilale pale pale ilipoangukia, na nyayo za ng'ombe zimekaukia matopeni, hakupanda, hakutandaza, kwa sababu alisikia mtendaji mpya anakuja, tena ni binti, na alitaka aje aone kwa macho yake. Unajua kibanja ni nini kwa mwanamke wa kwetu. Kukiacha kichafu hivyo karibu na barabara ni kutembea uchi.

Yunia alipofika kwake juzi alimkuta na panga. Anakatakata ile migomba iliyolala, anaikusanya, anafagia. Akamuuliza, "Felista, mbona unaondoa ushahidi? Mtendaji si anakuja wiki hii?"

Felista akasema, "Mtendaji ameshagabiwa."

Basi. Hakulia, hakulalamika. Alijua hata kwamba baba yako alipokea kamba kwa mikono miwili. Yule mchungaji alipita akisimulia kila alipokunywa maji. Akamwambia Yunia hataki kumsumbua binti wa watu.

Nilimuuliza Yunia mara tatu kama ananidanganya. Usinicheke, ndivyo nilivyo. Aliniapia, kisha akasema, "Mimi nakuamini wewe usiyeaminika, wewe unashindwa nini?" Nikaacha kuuliza.

Unaona sasa. Hujapanda basi, hujakaa kwenye kiti, hujapiga muhuri hata mmoja, na tayari kuna mama amehukumiwa kwa jina lako. Ta Bitegeko hakuhitaji kukuomba chochote. Huenda hatakuomba kamwe, na wewe utaishi Kamuli miaka mingi ukisema, mimi sijawahi kupindisha shauri, na utakuwa unasema kweli, kwa sababu mashauri hayatafika. Watu wa Mungu tunapenda sana kuuliza kama mikono yetu ni safi. Mimi nilikuwa na mikono safi sana siku ile niliyotubu kanisani. Swali ni nani anapita kando ya barabara.

Sisemi kwamba Ta Bitegeko ana hatia. Shauri lake na Felista hujalisikia, na mimi nimesikia upande mmoja tu, kwa mdomo wa Yunia. Labda Felista naye ana yake. Utawasikiliza wote wawili. Lakini ili uwasikilize, lazima wote wawili waje.

Nimemwambia baba yako mchana. Alichukua panga akaenda bondeni, ndiko aliko mpaka sasa, anamkatia majani ya kula leo na ya kula njiani. Nimeyaona ameyafunga mafungu mawili, kwa hiyo najua ameelewa. Imemuuma. Ukirudi msalimie vizuri, usimtanie.

Kwa desturi yao, aliyegabiwa ndiye anayeweza kurudisha, si baba yake wala mama yake wala mtu wa kukodi. Anashika kamba mwenyewe, anafika mchana, anasema sababu mbele ya watu wa nyumba, anasema kwa heshima, na anakubali kutukanwa. Utasema hivi: mzee wangu, nakuja kukaa katikati yenu nyote, siwezi kuwa ndugu yako kabla ya wengine. Au utasema ya kwako, maneno unayo kuliko mimi. Atakasirika. Huenda akawa adui yako mpaka uhamishwe, na kazi yako itakuwa ngumu kweli kama ulivyosema jana. Sikufichi hilo. Ninaogopa kwa ajili yako, mwanangu, tena naogopa sana, wewe ni binti wa pekee niliyenaye na watu wa huko siwajui.

Basi la kesho Jumamosi asubuhi nimeshampigia kondakta asikungoje. Mizigo yako Yunia atakuja nayo gulio lijalo. Ng'ombe hapandi basi, kwa hiyo tunakwenda kwa miguu, wewe na mimi. Tutalala njiani kwa watu, Jumapili tutasali kanisa litakalotukuta, na Jumatatu utafungua ofisi ukiwa na vumbi miguuni. Ukiona mama yako amekosea tena, kama alivyokosea kwa Yunia, sema. Basi la mchana lipo, nitakupandisha mwenyewe, na ng'ombe nitamtunza bila kununa.

Lakini Yunia anasema alipoondoka kule, Felista alikuwa amefagia nusu tu. Ile nusu nyingine bado imelala chini. Njia ya kwenda kwa Ta Bitegeko inapita pale pale mbele ya kibanja chake, na tukitoka kukipambazuka, na wewe ukiwa umeshika kamba, anaweza kutuona kabla hajamaliza.

Mama yako